Usiniambie Kinacholia

Fundi wa magari ya dizeli aliyeitwa Sikio hakujipa jina hilo mwenyewe. Alipewa na madereva wa malori, enzi zile alipokuwa akisimama mlangoni pa gereji, lori likapita barabarani, naye akasema, "Hilo nozeli yake moja imechoka, hainyunyizi dizeli vizuri." Baada ya siku chache dereva alirudi kwa miguu, kofia mkononi, kuuliza alijuaje.

Gereji ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Upande wa kulia alifanya kazi Sikio. Upande wa kushoto alifanya kazi fundi wa umeme wa magari, mtu mwembamba, msemaji, ambaye watu walimwita Waya. Katikati, ukutani, palikuwa na kiti cha nyuma cha teksi ya zamani, kilichong'olewa na kugeuzwa kochi la wateja. Juu ya betri zilizokufa alilala paka wa kijivu asiye na mwenyewe.

Sikio alikuwa na sheria mbili, na wateja wote walizijua. Ya kwanza: gari lije lilale. Mteja aliliacha jioni, na asubuhi injini ikawashwa ikiwa baridi kabisa mbele ya fundi. Sikio alisema injini iliyokwisha kupata moto ni kama mgeni aliyekwisha kunywa chai; imeshajifunza adabu na haitakuonyesha tabia yake. Sheria ya pili ilikuwa nzito zaidi: usiniambie kinacholia. Mteja akifungua tu mdomo kusema gari linafanya "kwi kwi kwi," Sikio aliinua kidole, na mteja akameza maneno yake. Zamani aliwahi kuambiwa na mwenye gari kwamba gia boksi inagonga. Akaishusha gia boksi, akaifungua yote, akaisafisha, akairudisha. Kumbe kilichokuwa kikigonga ni jeki iliyolegea kwenye buti. Tangu hapo hakutaka kuazima masikio ya mtu.

Ilikuwepo pia sheria ya tatu, ambayo hakuna aliyeitunga. Sikio akishasema, hakuna aliyeongeza neno. Alichokitaja kilikuwa kibovu. Ambacho hakukitaja kilikuwa kizima.

Mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, alikuwa mpimaji wa macho katika duka la miwani. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, na ilibidi apelekwe hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima kirefu. Mabasi yalipita yalipotaka, lakini mashine haikumngoja mtu: ukichelewa, kiti chako anakalishwa mwingine, na wewe unasubiri mpaka kipatikane kingine, miguu imevimba na pumzi fupi. Ndiyo maana mpwa alitafuta gari. Alipata la dizeli, lililotumika, lenye viti vipana vya nyuma ambavyo mama yake angeweza kujilaza. Kabla ya kulinunua alimpeleka mjomba akalisikilize.

Sikio alilisikiliza kwa utaratibu wake. Alichukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, akaegemeza ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Alihamisha ncha mahali hadi mahali kama daktari mgongoni pa mtoto. Mwisho akasema, "Linunue. Moyo wake mzima."

Likanunuliwa.

Mwezi haukuisha, mshale wa joto ukaanza kupanda kilimani. Kwenye barabara tambarare ulitulia chini, chini mno hata. Kwenye mlima ulikwenda karibu na alama nyekundu, na gari likishuka upande wa pili nao ukashuka. Mpwa akalipeleka gari gereji jioni, likalala.

Asubuhi alifika na mama yake, kwa kuwa haikuwa siku ya hospitali na mama alikuwa amechoka kutazama dirisha lilelile. Mama alikaa kwenye kiti cha teksi, akajifunika khanga miguuni.

"Shikamoo, Mjomba," alisema mpwa. "Gari linachemka mlimani, halafu asubuhi linali—"

Kidole kikapanda.

"Marahaba. Joto umeniambia, vizuri, joto linaonekana kwenye mshale. Mengine niachie."

"Mwache mjomba wako," alisema mama. "Tangu utoto hapendi kuambiwa. Aliambiwa asipande juu ya bati, akapanda, akatoka na kovu lile la kidevuni."

"Dada, hapa ni kazini."

"Naona. Na kovu nalo liko kazini."

Waya alicheka ndani ya boneti ya gari jingine.

Sikio alianza na maji. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, akaona maji yamepungua kidogo, akaongeza. Kisha akamwambia mpwa awashe. Alitazama mdomo wa rejeta kama kuna mapovu, kwa sababu mapovu yangekuwa na maana kwamba gasketi imeungua na moto wa silinda unapenya kwenye maji. Hayakuwepo. Alibonyeza mipira ya maji. Ilikuwa laini, haikuvimba. Alikagua feni, akakagua matundu ya rejeta kama yamezibwa na wadudu na vumbi. Yalikuwa safi. Akaamuru izimwe. Akafungua kasha dogo la chuma mahali mpira wa juu unapoingilia, akatia kidole ndani, akatabasamu.

"Njoo uone. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Hapo pangekuwa na themostati. Mtu ameitoa akatupa. Mafundi wengi wanafanya hivi, gari likichemka wanang'oa mlango wakidhani mlango ndio unaozuia ubaridi." Alifuta kidole kwenye suruali. "Themostati ikifunguka, inafungulia maji yaende kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato. Bila hiyo, maji mengine yanakatiza, yanarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Kwenye tambarare huoni neno. Mlimani ndipo unapoumbuka."

Alifunga themostati mpya, akajaza maji ya kijani, akatoa hewa. Kisha akachukua bisibisi yake.

"Washa."

Injini ikaamka kwa mtikisiko wa dizeli, ko-ko-ko-ko, halafu ndani ya mngurumo huo ukapanda mluzi. Ulikuwa mwembamba na mkali, kama mtu anayepiga mluzi kwa meno, nao ulitoka mbele ya injini, upande wa mikanda. Mpwa alipokanyaga mafuta kidogo, mluzi nao ukapanda. Paka aliinua kichwa, akashuka kwenye betri, akaenda zake nje. Waya alitazama juu. Mama aliziba sikio moja kwa khanga.

Sikio alikuwa amefumba macho, mpini sikioni. Aliiweka ncha kwenye nozeli, moja baada ya nyingine, kisha kwenye kichwa cha silinda, kisha ubavuni. Alifumbua macho, akachomeka bisibisi mfuko wa nyuma.

"Inaongea vizuri. Nendeni."

Mpwa alimtazama Waya. Waya akarudi kwenye nyaya zake kama mtu aliyekumbuka kitu muhimu sana. Mpwa alimtazama mama yake, na mama akainua mabega. Mjomba alikuwa amesikia. Kama angeona mluzi ule ni ugonjwa, angesema. Basi haukuwa ugonjwa.

Kwa muda, mambo yalionekana hivyo. Mshale wa joto ulisimama katikati, mlimani na tambarare, kama uliopigiliwa msumari. Mama alifika kwenye kiti chake kwa wakati, akarudi nyumbani amelala kwenye viti vya nyuma. Mluzi ulikuwepo kila asubuhi.

"Huyu ndege tunambeba kila siku, hatumlishi," alisema mama.

"Mjomba alimsikia, Mama. Hakusema kitu."

"Basi kama hakusema kitu, si kitu. Endesha."

Kila alipoangalia, mpwa alikuta maji yamepungua kidogo kwenye tangi la rejeta. Chini ya gari hakuona hata tone. Aliongeza, akafunika, akaenda kazini kupima macho ya watu. Mara moja alishika simu ampigie mjomba. Akaona atasema nini? Kwamba fundi anayesikia nozeli moja ya lori barabarani hakusikia mluzi uliomkimbiza paka? Ingekuwa kumtukana. Akairudisha simu mezani.

Siku ambayo gari lilichemka, walikuwa nusu ya mlima. Mshale haukupanda taratibu kama mwanzo, uliruka. Mluzi uligeuka kuwa mkwaruzo, na mvuke ukatoka pembeni ya boneti. Mpwa alisogea kando, akazima. Walikaa na milango wazi. Hakufungua kifuniko, kwa kuwa hilo mjomba alimfundisha tangu akiwa msichana: maji ya rejeta yaliyochemka hayana undugu. Yalipopoa aliongeza yote aliyokuwa nayo, na chupa ya mama ya kunywa juu yake, wakaenda polepole kama msafara wa mazishi.

Walipofika, kiti kilikuwa kimekaliwa na mwingine. Mama alisubiri kwenye benchi la korido mpaka alasiri. Muuguzi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki pale kwa muda mrefu. Mama alilitazama.

"Nimekuwa unga uliokandwa," alisema. Kisha akafumba macho mpaka walipomwita.

Jioni ile gari lililala gereji. Asubuhi walikuwa pale wote: mpwa, mama kwenye kiti cha teksi, Waya na nyaya zake, paka juu ya betri. Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali.

"Haiwezekani," alisema Sikio. Alikuwa ameshafungua boneti. "Themostati mpya. Gasketi nzima, nimeangalia tena, hakuna povu. Rejeta safi. Mpwa wangu, ulilipandisha kwa gia gani?"

"Gia ya pili, Mjomba."

"Mizigo?"

"Mzigo ulikuwa mimi," alisema mama. "Na kila nikiitazama hii miguu, naona nimeongezeka."

Sikio hakucheka. Alichukua bisibisi. "Washa."

Mpwa aliwasha. Mluzi ulipanda, sasa ukiwa na mkwaruzo ndani yake. Waya aligeuka. Paka alishuka, akatoka. Sikio alikuwa ameinama, kiganja kimoja juu ya bodi, mpini sikioni, na hakuna kilichobadilika usoni pake. Hakukunja uso wala hakuelekeza kichwa upande wa mikanda. Mpwa alikanyaga mafuta, mluzi ukachoma masikio. Bisibisi ilibaki kwenye nozeli.

Mpwa aliitazama sura ile, akaitambua. Aliiona dukani karibu kila wiki. Wazee wengi, wa kiume hasa, hukaa kwenye kiti cha kupimwa na kusoma mstari wa chini kabisa wa herufi bila kukosea, kwa sauti thabiti, kwa sababu waliukariri wakati wakisubiri zamu. Hawadanganyi kwa makusudi. Wanajua herufi zilizopo pale, kwa hiyo wanaziona. Yeye hakuwabishia kamwe. Aligeuza tu ubao upande wa pili.

Alizima injini.

"Mjomba, leo navunja sheria."

"Sheria ipi?"

"Kuna mluzi."

Kidole kilipanda, halafu kikasimama nusu ya njia.

"Mluzi gani?"

"Hapa mbele, upande wa mikanda. Nikikanyaga mafuta unapanda."

"Tangu jana?"

"Ulikuwepo siku ile ulipoweka themostati." Alisita. "Na siku tulipokwenda kulinunua."

Sikio alimgeukia Waya. Walikuwa wamefanya kazi chini ya bati moja tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Wewe ulisikia?"

Waya aliweka koleo chini. "Kaka, hata paka alisikia."

"Na ukanyamaza."

"Sasa ningesema nini? Ulisema tusikuambie kinacholia. Nikajua umesikia, umepima, umeona si kitu. Mimi ni mtu wa umeme. Nianze kumfundisha Sikio kusikia?"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Sikio alisimama na bisibisi mkononi, akiitazama ncha yake, halafu mpini wake, ambao mbao yake ilikuwa imelika mahali panapogusa sikio.

"Mdogo wangu," alisema mama kutoka kwenye kiti. "Sikio halizidi kichwa. Tumia kichwa. Kesho nina safari."

Hilo alilisikia vizuri. Alirudisha bisibisi kwenye ubao wa zana, akachukua spana.

Hakuuliza tena habari ya mluzi. Alitoa mikanda ya mbele, akatoa kifuniko cha plastiki kinachoficha mkanda wa taimingi. Ndani yake, chini ya pampu ya maji, palikuwa na mchirizi mkavu wa kijani, mgumu kama chumvi. Maji yalikuwa yakitoka kwenye kitundu kidogo cha pampu na kukauka kwenye chuma cha moto kabla ya kufika chini. Aliulegeza mkanda, akashika pampu kwa vidole, akaizungusha taratibu. Macho yake yalikuwa wazi.

"Lete mkono," alimwambia mpwa. "Zungusha."

Alizungusha. Ndani kulikuwa na kitu kama mchanga.

"Beringi," alisema Sikio. "Imekwisha. Itikise, unaona inacheza? Inapochezacheza, maji yanapita pembeni yake. Yakipungua, gari linachemka. Hilo ndilo dogo." Alielekeza mkanda wa taimingi. "Kubwa ni hili. Pampu hii inazungushwa na mkanda huuhuu unaopangia valvu zamu zake. Beringi ingeganda mlimani, mkanda ungekatika. Pistoni zingezikuta valvu ziko chini. Hapo hakuna fundi. Hapo ni kutafuta injini nyingine, na dada yangu yuko kando ya barabara."

Mpwa alikuwa bado ameshika pampu, akiizungusha mbele na nyuma.

"Siku tulipolinunua," alisema Sikio, "mimi nilisema moyo wake mzima."

"Ulisema."

"Moyo ulikuwa mzima. Sikuulizwa mapafu."

"Usijitetee," alisema mama. "Funga gari."

Pampu mpya ilipatikana kwa muuza spea wa mtaa wa pili, na mkanda mpya wa taimingi, kwa kuwa Sikio alikataa kuurudisha wa zamani uliolowa maji. Alifanya kazi mpaka jua likapita katikati ya bati. Alifanya kimya, bila kuharakisha, akiweka alama za chokaa kwenye meno ya magurudumu kabla ya kulegeza chochote, akizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuhakikisha alama zimerudi mahali pake. Mikono yake haikuwa na shaka. Waya alimshikia taa bila kuombwa.

Maji yalipojaa na hewa ikatoka, Sikio alisimama mbele ya gari. Bisibisi ilibaki ubaoni.

"Washa."

Injini ikaamka: ko-ko-ko-ko. Mpwa alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Sikio hakuitazama injini. Alimtazama mpwa, akamtazama Waya, akamtazama dada yake, uso mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa akihamisha ncha ya bisibisi.

"Haya?"

"Kimya," alisema mpwa.

"Kimya," alisema Waya. "Dizeli tupu."

"Ndege ameruka," alisema mama.

Sikio aliitikia kwa kichwa. "Kwangu mimi alikuwa ameruka zamani," alisema, akafunga boneti.

Mpwa alianza kumweleza kwamba pale hospitali, mlango wa pili kutoka kwa mama, kuna wanaopima masikio, na kwamba haichukui muda. Mjomba alisema atafikiri. Jinsi alivyosema, ilionekana kwamba atafikiri kwa muda mrefu. Mpwa hakumbishia. Alimsaidia mama kuinuka, akamlaza kwenye viti vya nyuma, na kesho yake walifika hospitali mapema, muuguzi akiwa bado anafungua madirisha.

Asubuhi hiyohiyo, gereji, mteja wa kudumu alikuwa amelilaza gari lake dogo la mizigo. Alisimama kando yake, mikono nyuma, mdomo umefungwa, kama mtu anayejua taratibu za mahali. Waya alikuwa ameinama kwenye kazi yake. Sikio alifungua boneti, akafuta mikono, akasubiri. Mteja naye akasubiri. Paka aliwatazama wote wawili.

"Sema basi," alisema Sikio.

Mteja aligeuka nyuma kuona anayeambiwa ni nani.

"Wewe. Niambie kinacholia."